Kaunta inayoruka nane: CD40106 ilipowekwa kwenye soketi ya 74LS14

Kaunta ya magunia kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, Mbarali, ilikuwa inahesabu sita, saba, tisa. Nane hakuna. Gunia la nane linapita kwenye mkanda, namba inacheza kidogo halafu inakaa kwenye tisa, ukishangaa linapita lingine inaenda sifuri na tarakimu ya makumi inaongezeka kama kawaida. Kwa hiyo kila magunia tisa mashine inaandika kumi, na mzee mwenye mashine anawalipa vibarua kwa gunia. Daftari la karani linasema 90, kaunta inasema 100, na kabla hata fundi hajaitwa karani alishaanza kuangaliwa kwa jicho baya maana watu wanaamini namba inayowaka kuliko namba ya kalamu.

Kilichowachanganya zaidi ni kwamba asubuhi ilikuwa inahesabu vizuri tu. Jua likipanda, mabati yakianza kuchemka, ndo nane inapotea. Wakaileta Mbeya mjini, Mwanjelwa, ikawekwa mezani siku nzima mwezi wa sita, baridi ile mnayoijua, fundi anapiga kazi na koti, kaunta haikosei hata mara moja. Ikarudishwa Ubaruku, saa saba mchana nane imepotea tena. Hapo ndo zikaanza nadharia, mara umeme wa kule mchafu, mara mota inaleta mawimbi, mara kuna mtu anaichezea usiku. Mwisho ikafika kwangu na ujumbe mmoja tu, "fundi, ukiipima huko kwenu itakwambia ni nzima, usiiamini."

Ubao wenyewe ni wa kizamani lakini umetengenezwa na mtu anayejua. Chipu za TTL tupu, ile familia ya zamani ya volti 5: 74LS90 nne za kuhesabu, 74LS47 nne za kuwasha namba, namba za LED za anodi ya pamoja, 7805 ya kushusha volti kutoka adapta ya volti 12, na pale mlangoni 74LS14 moja inayopokea ishara kutoka kwenye sensa ya mwanga na kuisafisha. Sensa ni taa ya infraredi upande mmoja wa mkanda na fototransista upande wa pili, gunia likikatiza mwanga ni hesabu moja.

Kitu kimoja kilichonionyesha huyu mtengenezaji alikuwa na akili ni rezista ya kuweka chini pini za riseti, zile za kurudisha hesabu sifuri. Wengi tungeweka 10k bila kufikiri. Yeye ameweka ohmu 330. Ukiiona unaweza kudhani amekosea sifuri mbili, kumbe amepiga hesabu: riseti ya kila LS90 inaweza kutema umeme hadi miliampia 0.4 ikiwa chini, yaani ikishikwa kwenye sifuri, zipo nne, jumla 1.6, zidisha kwa 330 unapata kama volti 0.5, na TTL inataka chini ya 0.8 ndo ikubali kwamba hii ni sifuri. Angeweka 10k riseti isingeshuka kabisa na kaunta ingekaa sifuri mpaka kiama. Kumbukeni hiyo 330, ndo kisa chote kimekaa hapo.

Sasa ile 74LS14 ilikufa, na fundi aliyetangulia akaibadilisha. Kwenye maduka ya spea akakosa LS14 akapata CD40106. Na kwa kweli simlaumu, maana chipu hizi mbili ni pini kwa pini: geti sita za Schmitt, zinazosafisha ishara na kuigeuza, pini 14 chanya, pini 7 negativu, kuingia 1 kutoka 2, kuingia 3 kutoka 4, zote sawa kabisa. Unachomoa hii unachomeka ile, unawasha, inahesabu, unamkabidhi mteja mali yake. Tofauti haipo kwenye pini, ipo kwenye nguvu ya kumeza umeme.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana watu wakisikia CMOS, ambayo ndo familia ya CD40106, na TTL zote kwenye volti 5 wanaona ni ndugu. Si ndugu. TTL ilitoka Texas Instruments, mfululizo ule wa kwanza wa jeshi 5400 ni wa mwaka 1964 halafu 7400 ya uraiani ikafuata. Hizi CD4000 ni za RCA, 1968, na lengo lilikuwa kula umeme kidogo sana na kukubali volti kuanzia 3 mpaka 15 au zaidi. Moja imejengwa kwa transista za kawaida, nyingine kwa MOSFET, na mlango wa kuingilia wa kila moja una tabia yake. Mlango wa CMOS hauli kitu, ni kama kapasita ndogo tu, unaangalia volti basi. Mlango wa TTL ukiwa juu nao hauna shida, unakula mikroampia 20 kwa LS, ila ukitaka kuushusha chini unakutemea umeme na wewe unayeushusha ni lazima uumeze. TTL ya kawaida inatema hadi miliampia 1.6 kwa mlango mmoja. LS inatema hadi 0.4.

Ndo maana ukiunganisha CMOS kwenda TTL watu wengi wanapima upande usio na tatizo. Wanaangalia moja, yaani ishara ikiwa juu. Moja ya CMOS kwenye volti 5 inakaribia 5 yenyewe, TTL inataka 2 tu, wanafurahi, wanafunga boksi. Shida iko kwenye sifuri. CD40106 na wenzake wa 4000B kwenye volti 5, datashiti, ile karatasi ya vipimo ya kiwandani, inakuhakikishia miliampia 0.51 tu ya kumeza huku volti ikibaki 0.4, hiyo ni kwa joto la nyuzi 25. Kwa kawaida chipu nzuri inafika kama 1. Ile LS14 iliyotolewa ilikuwa inameza 8.

Kwa hizo namba ndo ikapatikana ile kanuni ya vijiweni na vyuoni kwamba geti moja ya CMOS 4000 inaendesha LS moja. 0.51 dhidi ya 0.4, inapita kwa kubana. Kanuni ni ya kweli kabisa, na fundi aliyetangulia nadhani aliijua, maana geti inayotoka kwenye 40106 inaenda kwenye pini moja tu, pini 14 ya LS90 ya kwanza. Mlango mmoja, chipu moja. Tatizo ni kwamba pini 14 ya LS90 si mzigo mmoja. Fungueni datashiti ya 74LS90 muangalie mstari wa umeme wa kuingia ikiwa chini: riseti 0.4 kama kawaida, kloku A, mlango wa kupokea ishara ya kuhesabu, ambayo ndo pini 14 ni 2.4, kloku B pini 1 ni 3.2. Yaani pini 14 peke yake ni sawa na milango sita ya LS, kwa sababu ndani ya chipu hiyo waya inagusa sehemu zaidi ya moja. Kwa nje ni mguu mmoja kama miguu mingine.

Kwa hiyo una chipu iliyoahidi 0.51 inashikilia pini inayoweza kutema 2.4. Kwa nini basi ilifanya kazi kabisa? Kwa sababu namba za datashiti ni za hali mbaya kabisa, pini yenyewe huwa inatema chini ya hapo na CMOS inameza zaidi ya ilivyoahidi, ila volti yake ya kutokea inapanda. Haikatai kumeza, inameza huku inanyanyuka.

Nikaipima. Nikaiacha sensa ione mwanga bila kukatizwa ili ishara isimame mahali pamoja, geti ikiwa chini, nikaweka mita kati ya pini 14 na pini 10 ya LS90 yenyewe, ambayo ndo negativu yake, siyo negativu ya adapta, hilo ni muhimu maana kwenye ubao wa LED nyingi negativu ya huku na ya kule hazilingani. Mita ikasoma karibu volti 0.9. Hapo hapo kesi ilikuwa imekwisha kwa upande wangu. Juu ya 0.8 hakuna mtu anayekuhakikishia chochote, chipu inaweza kuiita sifuri au ikakataa, na hii ilikuwa inaiita sifuri kwa hisani yake tu.

Lakini mteja alishasema usiiamini, na mimi nilitaka kuiona nane inapotea kwa macho. Nikaazima drayeri ya nywele saluni ya jirani, nikapuliza ile sehemu ya 40106 na LS90 ya kwanza taratibu huku kijana wangu anapitisha kadi kwenye sensa. Mita ikaanza kupanda, 0.9, 0.95, ikaigusa 1. Halafu tukaiona: saba, tisa. Saba, tisa. Tukaacha ipoe, nane ikarudi.

Joto linabana pande zote mbili kwa mpigo. MOSFET ikipata joto inapungua nguvu, ile 0.51 ya nyuzi 25 datashiti inaishusha mpaka 0.42 kwenye nyuzi 85, kwa hiyo sifuri inapanda. Na upande wa TTL, mpaka wa kuamua kati ya sifuri na moja unategemea volti za transista za ndani ambazo zinashuka joto likiongezeka. Sifuri inapanda, mpaka unashuka, vinakutana katikati. Mbeya mjini tuko juu huku, ubao mezani, dirisha wazi, havikutani. Kule Usangu chini, kisanduku cha chuma kimefungwa ukutani chini ya bati, ndani kuna 7805 inayotupa joto la volti 7 zidisha kwa karibu nusu ampia, vinakutana kila mchana.

Na kwa nini nane tu? Hesabuni vipande vinavyowaka. Saba inawasha vipande vitatu, nane inawasha vyote saba. Kwenye mabadiliko yote ya kutoka tarakimu hadi tarakimu hakuna mruko mkubwa kama huo, vipande vinne vinawaka kwa mara moja, kama miliampia 60 hivi kwa rezista zilizopo pale, na umeme wote huo unarudi kupitia njia ile ile nyembamba ya negativu. Negativu inatikisika kidogo. LS90 inahesabu ishara inaposhuka, kwa hiyo imeshahesabu nane, namba imewaka, negativu imetikisika, na pini 14 iliyokaa ukingoni inaonekana kama imepanda ikashuka tena. Hesabu nyingine. Tisa. Kutoka moja kwenda mbili ni vipande vitatu vinaongezeka, na kweli tulipoipuliza sana na mbili nayo ikaanza kuruka mara moja moja. Kwa hiyo siyo uchawi wala siyo karani.

Mtu mwingine hapa angeweka kapasita. Angepachika 100 nanofaradi karibu na kila chipu, angeongeza waya mnene wa negativu, na nane ingerudi, angelipwa. Kapasita zinatakiwa, mimi mwenyewe nimeziongeza mwishoni, ila ukizianza unaficha ugonjwa maana sifuri bado ni 0.9 na mwezi wa kumi joto la Usangu likishika utarudishiwa ubao.

Kijana wangu yeye alikuja na dawa nyingine, weka rezista ya kuvuta juu kwenda volti 5, maana ndo tunayosoma kila mahali kwamba TTL na CMOS ukiziunganisha weka rezista. Nikamwacha ajaribu, 2.2k. Kaunta ikaganda, haihesabu kabisa, pini 14 ikipaswa kuwa chini mita inasoma zaidi ya 1.5. Ile dawa ni ya njia ya kinyume! TTL kwenda CMOS, hapo moja ya TTL inaweza kuwa 2.4 tu na CMOS ya volti 5 inataka 3.5, kwa hiyo unaivuta juu. Sisi tunatoka CMOS kwenda TTL, moja tunayo ya kumwaga, kinachokosekana ni nguvu ya kushusha, na rezista ya 2.2k inaongeza kama miliampia 2 nyingine za kumeza kwenye geti ambayo tayari imezidiwa. Ukimkuta mtoto anashindwa kumzuia ng'ombe kwa kamba humfungi ng'ombe wa pili kwenye kamba ile ile.

Kuna wazo lingine linakuja sana, kwamba CD4000 ukiipa volti nyingi inapata nguvu. Kweli, kwenye volti 10 ahadi inapanda kutoka 0.51 mpaka 1.3. Na adapta ya 12 ipo pale pale, si uipe 40106 volti 12? Ukifanya hivyo moja yake inakuwa volti 12 na unaipeleka kwenye mlango wa LS ambao kwa kawaida mwisho wake kabisa ni 7, na TTL ya kawaida mwisho ni 5.5. Unaua LS90. Ukisema basi niigawanye kwa rezista mbili, 14k juu na 10k chini nipate 5, moja itakaa sawa lakini sifuri itakufa, maana umeme unaotemwa na TTL sasa lazima upite kwenye rezista hizo kwenda chini. Hata mlango mmoja wa LS wa 0.4 kwenye hizo mbili sambamba, kama 5.8k, ni zaidi ya volti 2. Tumerudi kwenye 10k badala ya 330.

Kama kweli una CMOS ya volti 12 upande mmoja na TTL upande wa pili, kazi hiyo ina chipu yake, CD4050, au 4049 ukitaka igeuze. Unaipa volti 5 lakini milango yake inakubali ishara mpaka volti 15 kwa sababu haina ile diodi ya ulinzi ya kutoka mlangoni kwenda kwenye chanya, na kwa kutoka inameza 3.2. Angalizo moja tu, chanya yake iko pini 1, siyo 16 kama chipu nyingine za pini 16. Pini 16 haijaunganishwa na kitu. Nimeona nyingi zimewekwa kichwa chini kwa ajili hiyo.

Kwa ubao wetu, wakati nasubiri spea, nilifanya geti sambamba. Kwenye 40106 geti mbili tu ndo zilikuwa zinatumika, ya kwanza inapokea sensa, ya pili inapeleka pini 14, nne ziko wazi. Nikaziunga hizo nne na ile ya pili, kuingia kwa kuingia, kutoka kwa kutoka, ziwe tano. Tano mara 0.51 ni 2.55, dhidi ya 2.4. Inapita kwa karatasi, haiachi hata nafasi ya joto. Lakini kipimo kilishuka vizuri, karibu 0.2, na nane ikakaa hata nilipopuliza. Fanyeni hivyo kwa geti za chipu moja tu, msichanganye chipu mbili.

Na kazi hiyo ilitibu kitu kingine ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta. Zile geti nne za wazi, milango yake ilikuwa inaning'inia hewani. Mtengenezaji aliziacha hivyo kwa sababu kwenye LS mlango ulioachwa wazi unajiona uko juu, si vizuri sana lakini haudhuru. Kwenye CMOS mlango ulio wazi hauna msimamo, unaokota kila kitu, geti inacheza juu chini na kutia kelele kwenye chanya ya ubao mzima. Ukigusa kidole karibu na chipu ulikuwa unaona namba za LED zinapepesa. Kwa hiyo hata kama pini zinafanana, CMOS inapoingia kwenye ubao uliochorwa kwa ajili ya TTL angalia na geti zisizotumika, zipeleke negativu au chanya, popote ila zisibaki hewani.

Spea ikafika na basi kutoka Dar, 74HC14. Hii nayo ni CMOS, ila ni kizazi cha miaka ya 1980, pini zile zile, volti 5, inameza miliampia 4 na hiyo ahadi inafika mpaka nyuzi 85. Geti moja inatosha kwa 2.4 na nafasi inabaki. Zile nne nikazitoa kwenye usambamba nikazifunga milango negativu. Sifuri kwenye pini 14 ikawa chini ya 0.2, na drayeri ikapulizwa mpaka kijana akalalamika harufu ya plastiki, hakuna kilichosogea. Ndo baadaye nikaongeza kapasita na waya wa pili wa negativu kwa ajili ya namba za LED.

Mtu ataniuliza kwa nini HC siyo HCT. Kwa sababu kinachoingia kwenye HC14 yetu ni fototransista yenye rezista kwenda volti 5, inapanda mpaka juu kabisa na kushuka mpaka chini, HC inaridhika. Kama ingekuwa inalishwa na chipu ya TTL ningeweka HCT14, ambayo mlango wake umepangwa kukubali 2 kama moja. Kwa upande wa kutoka zote mbili ni nguvu ile ile.

Mzee ana ubao mwingine wa namna hiyo kwenye mashine yake ya Chimala na alitaka nimpe HC14 ya pili ampe kijana wake aichomeke tu. Nikamwambia, mzee wangu, nitumie kwanza picha. Picha ilipokuja, kaunta za huko si LS, ni 7490 za kawaida, na hizo pini 14 inatema hadi 3.2. Miliampia 4 za HC14 zinaimudu lakini sitaki kubana namna hiyo kwenye kisanduku cha bati, kwa hiyo huo nitauwekea geti mbili sambamba, na milango iliyobaki naifunga negativu hapa hapa mezani kabla haujapanda gari.